Mgogoro wa Pango Dodoma: Uende Ofisi ya Mtaa, Baraza la Kata au Baraza la Ardhi na Nyumba?

Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na miaka miwili baadaye Dodoma ikapewa hadhi ya jiji, watu wengi wa hapa waligeuka kuwa wenye nyumba za kupangisha kabla hawajajua kazi hiyo ina mambo gani. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakazi wa jiji kuwa 765,179. Sehemu kubwa ya wageni waliingia katika nyumba za Nzuguni, Ilazo, Nkuhungu na Kisasa ambazo zilipangishwa huku upande mmoja ukingali unapigwa lipu, kwa kodi ya miezi sita iliyolipwa mapema na kuishia kwenye saruji wiki hiyohiyo. Mazingira hayo ndiyo yanayozaa migogoro, na ndiyo yanayonifanya niandike ulinganisho huu kwa ajili ya mtu aliyekwisha kugombana na mwenzake na sasa anajiuliza apeleke shauri wapi.

Ninalinganisha njia tatu: usuluhishi katika ofisi ya mtaa, usuluhishi mbele ya Baraza la Kata, na shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ipo njia ya nne, ambayo ni kuweka kufuli jipya mlangoni, kung'oa bati au kutoa vyombo nje mpangaji akiwa kazini. Hiyo siilinganishi na nyingine, kwa sababu mwenye nyumba anayeitumia huanza akiwa mdai na humaliza akiwa mtuhumiwa, akitakiwa kueleza polisi ilikokwenda televisheni ambayo pengine haikuwahi kuwamo.

Neno usuluhishi lenyewe linahitaji kufafanuliwa, maana hapa nchini hutumiwa kwa mambo mawili. Katika migogoro ya kazi tunayo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na jina hilo linatenganisha vizuri: msuluhishi huwasaidia wagomvi wafikie makubaliano yao wenyewe, ilhali mwamuzi husikiliza kisha akatoa uamuzi unaowafunga, wapende wasipende. Katika makala haya usuluhishi una maana ya kwanza tu. Hakuna anayetangazwa mshindi, na hakuna anayelazimika kukubali.

Kwa nini usuluhishi una nafasi kubwa katika mambo ya pango

Sheria ya mwaka 1984 iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo, uhusiano wa mwenye nyumba na mpangaji unasimamiwa na mkataba wao pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo inaruhusu hata upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, kufanyika kwa mdomo bila karatasi. Hakuna ofisi inayopanga kodi ya chumba na sebule Ipagala iwe kiasi gani, wala hakuna orodha rasmi inayosema nani anunue balbu ya choo cha nje. Kwa hiyo mambo mengi yanayogombaniwa hayana jibu katika kifungu chochote, na baraza la kisheria likiulizwa halina cha kusoma. Jibu la mambo hayo ni lile ambalo mwenye nyumba na mpangaji wake wangekubaliana tangu mwanzo kama wangekumbuka kuulizana.

LUKU ya pamoja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla inayotumiwa na wapangaji kadhaa, ni mfano mzuri. Niliwahi kuitwa kuwa shahidi katika ofisi ya mtaa mmoja, Jumamosi asubuhi, tukiwa tumekaa kwenye benchi la mbao chini ya mwarobaini kwa sababu ndani palikuwa na joto. Mama mwenye nyumba alikuwa na wapangaji watatu waliochangia mita moja. Mmoja alikuwa na friji na alikuwa akiuza barafu na juisi ya ubuyu, wa pili alikuwa mwalimu aliyerudi jioni tu, na wa tatu alikuwa kijana wa bodaboda ambaye, kwa maneno yake, umeme wake wote uliishia kwenye kuchaji simu. Mama alitaka mwenye friji ahame mwisho wa mwezi. Mwenye friji alisema hahami, kwa kuwa amelipa miezi sita na imebaki minne.

Mwenyekiti hakuuliza nani ana haki. Aliwaambia watoe simu na kusoma jumbe za manunuzi ya umeme za miezi miwili, moja baada ya nyingine, huku yeye akiandika kwenye daftari. Ndipo ilipoonekana kwamba kila mwezi kulikuwa na kiasi kilichokatwa kwa ajili ya kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukusanywa kupitia LUKU, na kwamba muda wote huo wapangaji walikuwa wakiilipa bila kujua.

"Mama, hii kodi ya jengo ni yako wewe mwenye jengo," mwenyekiti alisema taratibu.

"Mwenyekiti, mimi nilijua wameiweka kwenye umeme ili alipe anayewasha taa," mama alijibu, na sidhani kama alikuwa akidanganya.

Kufikia saa sita mchana kulikuwa na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono. Mama angepunguza kiasi cha kodi ya jengo katika pango la kila mmoja, mwenye friji angenunua nusu ya umeme wote, na ndani ya miezi miwili submita, yaani mita ndogo ya kupima umeme wake peke yake, ingefungwa kwenye chumba chake, fundi akilipwa na wote wawili, mama na mwenye friji. Wote walitia saini, mashahidi wakafuata, na mwenyekiti akapiga muhuri. Kama shauri hilo lingefika katika baraza la kisheria, swali lingekuwa moja tu, yaani kama mama ana haki ya kuurejesha mikononi mwake ule upande wa nyumba. Submita isingetajwa.

Ofisi ya mtaa: ya haraka, ya karibu, na kwa baadhi ya watu ya karibu mno

Faida za mtaa ni zilezile nilizozionyesha: gharama ndogo au hakuna kabisa, siku moja au mbili, lugha ya nyumbani, na msuluhishi anayeweza kusimama akaenda kuitazama hiyo bomba inayovuja. Kwa mgogoro wa maji ya mgao, kelele, usafi wa uani, wageni wanaolala, mifugo au kodi iliyochelewa mwezi mmoja, sioni sababu ya kuanzia mahali pengine.

Hata hivyo, mwenyekiti wa mtaa amechaguliwa na wakazi, na mwenye nyumba ndiye mkazi wa kudumu, ilhali mpangaji huenda alifika mwezi uliopita kutoka Dar es Salaam au Singida kwa barua ya uhamisho. Sisemi kwamba wenyeviti hupendelea. Ninasema kwamba msichana anayehudumu katika mgahawa, aliyepanga chumba kimoja Chang'ombe, anapokaa kwenye benchi akiwa na miaka ishirini mbele ya wazee watatu wanaoitana kwa majina ya utani tangu utotoni, hukubali mambo ambayo asingeyakubali akiwa na mtu wake kando. Dawa yake ni kwenda na mtu mzima anayemwamini, na kuomba muda wa kulala na karatasi nyumbani kabla ya kutia saini. Wapo pia wanaoanzia kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi anaweza kupatanisha vizuri sana, lakini cheo chake ni cha chama, na asiyependa kupitia huko hana deni la kumweleza mtu sababu.

Udhaifu wa pili ni nguvu ya karatasi yenyewe. Makubaliano ya mtaa ni mkataba kati ya watu wawili, na muhuri wa mtaa haugeuzi mkataba kuwa hukumu. Upande mmoja ukiyavunja, hakuna dalali wa mahakama atakayekuja kuyatekeleza, ingawa karatasi hiyo inabaki kuwa ushahidi mzuri huko mbele, hasa ikiwa imeandikwa kwa tarehe na kiasi badala ya maneno kama "atalipa akipata".

Baraza la Kata: mlango ambao utaupita kwa vyovyote

Hapa ndipo watu wengi wamebaki na picha ya zamani. Chini ya Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, Baraza la Kata liliweza kuamua mashauri ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni tatu. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliliondolea mamlaka hayo na kuliachia kazi ya usuluhishi. Bado nakutana na wenye nyumba wanaokwenda kata "kuchukua hukumu", na wapangaji wanaopokea wito wa kata wakaanza kufungasha vyombo usiku uleule. Wote wawili wamekosea. Kata haiwezi kumwamuru mpangaji ahame, wala haiwezi kumwamuru alipe.

Marekebisho hayohayo yaliweka sharti kwamba Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lisisikilize shauri linalohusu maslahi katika ardhi mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa pale siku 30 zitakapopita tangu malalamiko yafunguliwe bila kata kuyamaliza. Haki ya mpangaji kukaa katika nyumba aliyoilipia ni maslahi ya namna hiyo. Kwa hiyo, kuhusu nyumba yenyewe, swali la "usuluhishi au baraza" halipo tena kama lilivyokuwa zamani. Usuluhishi utaupitia tu. Unachochagua ni kama utaupitia kwa nia ya kumaliza au kwa kuhesabu siku ziishe uende wilayani.

Na mimi naona wanaohesabu siku hupoteza kitu. Katika usuluhishi, Baraza la Kata hukaa likiwa na wajumbe watatu, angalau mmoja wao akiwa mwanamke, na mawakili hawaruhusiwi kuwakilisha mtu humo. Jambo hilo la mwisho huonekana dogo mpaka uone mwenye nyumba tajiri akilazimika kueleza kwa mdomo wake mwenyewe kwa nini alikata maji ya mpangaji mwenye mtoto mchanga. Ukilinganisha na mtaa, kata iko mbali kidogo na ujirani, kwa hiyo mgeni hupumua. Ukilinganisha na wilaya, hakuna maneno ya kisheria ya kujificha nyuma yake.

Upungufu wake ni kwamba kasi hutegemea kata yenyewe. Kikao kinaweza kukosa wajumbe wa kutosha, msimu wa kilimo unaweza kuwachukua wawili mashambani, na mwenzako anaweza asifike kabisa, akijua kwamba baraza halina amri ya kumtisha nayo. Akikwepa mara mbili, usiendelee kumbembeleza. Omba cheti cha kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana.

Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya: penye amri

Baraza hili huongozwa na mwenyekiti ambaye ni mwanasheria, akisaidiwa na wazee wa baraza wawili. Linaweza kusikiliza shauri la kurejesha milki ya nyumba yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300, hivyo karibu kila nyumba ya kupanga unayoijua Dodoma imo. Unaweza kujiwakilisha, kuwakilishwa na wakili, au hata na ndugu yako. Hukumu yake hukaziwa, yaani asiyetii hutolewa na dalali kwa utaratibu wa kisheria, na asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimekuwa lugha ya mahakama kwa mujibu wa sheria, jambo ambalo limempunguzia mlalamikaji wa kawaida kazi ya kutafuta wa kumsomea nyaraka zake mwenyewe.

Nguvu hiyo ina bei, na bei yenyewe huonekana vizuri ukiiandika. Tuchukue mfano wa nyumba ya shilingi 150,000 kwa mwezi, mpangaji akiwa anadaiwa miezi minne, yaani shilingi 600,000. Mwenye nyumba akifungua shauri, nalo likaahirishwa na kuahirishwa hadi miezi minane, mpangaji akiwa ndani bila kulipa, deni linakuwa shilingi 1,800,000, bila kutaja ada, nauli na wakili. Atashinda, sikatai. Atapata amri ya kulipwa na mtu ambaye mwanzoni alishindwa kulipa laki sita. Mwenzake aliyekwenda kata akasema, "Miezi miwili nakusamehe, miwili utanilipa kwa awamu, nipe nyumba yangu tarehe 30," amepoteza shilingi 300,000 na amepata mpangaji mwingine mwezi unaofuata. Wenye nyumba hukasirika nikiwaonyesha hesabu hii, kwa sababu msamaha unauma kuliko hasara.

Upande wa mpangaji hesabu ni hiyohiyo ikitazamwa kinyume. Aliyelipa miezi sita na kuambiwa aondoke baada ya miwili anadai miezi minne, lakini fedha hizo zimekwisha kuwa bati. Hukumu haitayarudisha mabati yawe noti. Hata akishinda, kuna uwezekano mkubwa kwamba atalipwa kidogokidogo, na hayo ndiyo makubaliano ambayo angeyapata kata ndani ya wiki mbili, huku bado akiwa na chumba cha kulala.

Lipo jambo jingine ambalo wenye nyumba hulisema kwa sauti ya chini. Mkataba unaopelekwa kuwa ushahidi unatakiwa uwe umelipiwa ushuru wa stempu, na kiasi cha kodi kilichoandikwa humo huonekana na kila mtu. Asiyewahi kuyatangaza mapato hayo huwa mpole ghafla. Sipendekezi usuluhishi kama maficho ya kukwepa kodi. Natoa tu taarifa kwa mpangaji anayeshangaa kwa nini baba mwenye nyumba aliyekuwa akitishia mahakama jana, leo amekuja na soda.

Siri na ujirani

Katika usuluhishi unaofanyika chini ya mahakama za kawaida, yanayosemwa ni ya faragha na hayatakiwi kutumika dhidi ya msemaji baadaye. Ofisi ya mtaa haina ukuta wa namna hiyo. Ukikiri pale kwamba ulimkodisha mtu mwingine chumba kisiri, jioni watajua hadi kwa muuza mkaa. Baraza la wilaya nalo hukaa hadharani, lakini huko hakuna jirani anayekuja kusikiliza. Kwa anayetaka kuendelea kukaa uani na mwenzake, mtaa na kata ndiyo mahali pake. Kwa anayetaka kuondoka bila kuonana tena, hilo halimsumbui.

Wanafunzi wanaopanga karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa mfano Ng'ong'ona, wako katikati. Ugomvi wao ni wa likizo: mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 12, mwanafunzi anasema alilala humo miezi tisa. Shauri la wilaya lingeweza kumkuta amekwisha hitimu na kuhama. Huyu asitafute kitu zaidi ya kikao kimoja cha mtaa, tena kabla ya kufunga begi.

Fremu za biashara na ofisi ni habari nyingine. Kiasi ni kikubwa, mkataba umeandikwa na wakili, na mara nyingi umo humo ndani kifungu kinachosema mgogoro uanzie wapi. Soma kifungu hicho kabla ya kumfuata mwenyekiti wa mtaa.

Pasipofaa usuluhishi

Kuna migogoro ambayo kuikalisha mezani ni kumwongezea mdhaifu mzigo. Mpangaji aliyepigwa, au anayetakiwa kulipa kodi kwa mwili wake, aende polisi, na vituo vina dawati la jinsia kwa ajili hiyo. Nyumba ambayo warithi wawili wanakuja kwa zamu kudai kodi ileile haina mgogoro wa pango, ina mgogoro wa mirathi, na mpangaji hawezi kuusuluhisha kwa kulipa mara mbili. Aliyetishiwa kutolewa vyombo kesho awasilishe malalamiko kata siku hiyohiyo, na amwone msaidizi wa kisheria kuhusu maombi ya zuio. Wasaidizi hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma yao ni bure kwa asiye na uwezo. Na deni tupu la fedha, pale ambapo mpangaji amekwisha kuondoka na hakuna anayegombania nyumba, huweza kudaiwa kama madai ya mkataba katika mahakama ya kawaida, ingawa wanasheria wenyewe hubishana mpaka uko wapi, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa ada.

Nje ya hayo, ushauri wangu kwa mwenye nyumba na mpangaji ni uleule: anzia mtaa ikiwa mnataka kuendelea kukaa pamoja, anzia kata ikiwa mmoja wenu ni mgeni au ikiwa makubaliano ya mtaa yamekwisha kuvunjwa, na nenda wilaya unapohitaji amri, si unapohitaji kusikilizwa.

Unapopeleka malalamiko kata, peleka nakala mbili, na usiondoke bila moja kugongwa muhuri wenye tarehe ya kupokelewa. Iwapo muhuri unasema tarehe 3 Juni, siku 30 zinatimia tarehe 3 Julai. Asiye na nakala hiyo atafika wilayani akaulizwa alianza lini, naye atajibu "mwezi wa sita, nadhani", na atarudishwa kata kuanza kuhesabu upya.